Siku Shangazi Alipoketi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakusihi: haya usimwambie mtu, hata baba. Mimi mzima, ila hofu haitulii. Magoti yako je?

Kituo cha televisheni ninakofanya kazi kimenipa kanda mia mbili za michezo ya kuigiza ya familia, za zamani hadi za juzi. Kila moja naitazama yote, naandika daftarini yaliyomo, kisha tarehe 28 zitafutwa. Kumsimulia mtu wa nje ni kosa la kufukuzwa kazi.

Shangazi, nimestaajabu. Katika za kwanza baba wa mchezo anakula, mama kasimama nyuma yake na jagi la maji, watoto kimya. Za katikati, mama kaketi, anabishana, anacheka. Za karibuni, baba yuko jikoni na bintiye anamuuliza, “Baba, chumvi umetia au umemwaga?” wala hakuna anayeshtuka. Za juzi hata meza hakuna. Kila mtu na simu yake. Miaka arobaini imenipita machoni kwa wiki tatu.

Leo, katika kanda moja ya zamani iliyobaki, nimekusikia sauti kabla sijakuona uso. Mama wa mchezo ni wewe. Hukuwahi kutuambia. Umesimama na jagi, mara ukavuta kiti ukaketi, na mumeo wa mchezo kijiko kikamganda mdomoni. Uliambiwa ukae?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yameamua kuzeeka kabla yangu.

Sikuambiwa. Zamani tulirekodi mfululizo, hakuna kukata wala kurudia; ukikosea, umekosea. Nilikuwa na mimba ya miezi sita niliyoificha kwa kanga mbili, miguu imevimba. Nikaona kiti kitupu, mwili ukaamua wenyewe. Tulipomaliza, mwongozaji akaniambia, “Mama, umeniharibia nyumba.” Sikuitwa tena. Nimeona haya miaka yote hii.

Acha ifutwe. Usije ukamwaga unga kwa kosa langu.

Shangazi yako

18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilizitazama upya kanda zilizofuata yako.

Wiki ya pili kuna mama mwingine. Alisimama na jagi dakika moja, akaliweka mezani, akaketi. Wiki ya tatu alikuwa ameketi tangu mwanzo. Nimetazama hamsini baada ya hapo, michezo mingine, waongozaji wengine. Sijamwona tena mama aliyesimama wenzake wakila. Yule mwongozaji alikufukuza, kisha akakuiga.

Jana nilimuuliza mkuu wa idara kama kanda hiyo inaweza kubaki. Sikumwambia wewe ni nani kwangu. Akasema, “Karani, kazi yako kuandika, si kupenda.” Baadaye akaongeza kwamba mwigizaji aliye hai akija mwenyewe na kutia sahihi, kanda yake haifutwi.

Kwa hiyo njoo, shangazi, kabla ya tarehe 28. Jumanne au Alhamisi, saa tatu asubuhi, mkuu anapokuwa kikaoni. Chukua kitambulisho. Mapokezi useme unamtaka karani wa kanda. Shuka ngazi, mlango wa tatu kushoto. Ukiona umefungwa, gonga kwa nguvu, huwa nimevaa visikilizio masikioni. Ukikwama, piga simu ya mapokezi wakuunganishe, na usiseme sisi ni ndugu. Tukionana, niite karani. Nami nitakupa fomu na kalamu, nikuite mama kama ninavyowaita wageni wote, na nitajitahidi nisilie mpaka umalize kutia sahihi.

Mwanao