Lile Povu la Kwenye Kidonda

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi hapa Magunga, na mimi roho yangu iko chini kabisa.

Mnaosoma hapa mnajua shule niliacha mapema, kwa hivyo nivumilieni. Leo lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Mume wangu, Baba Achieng, ana ugonjwa wa sukari. Wakati wa kupanda alijikata kidole cha mguu na jembe, tukaona ni kitu kidogo. Sasa kidole ni cheusi, na weusi unapanda. Harufu sitaandika.

Hospitali hataki kusikia. "Nikienda Homa Bay watakata," anasema. "Sasa mtanizika mara mbili, mguu mwaka huu na mimi mwaka ujao?" Anacheka peke yake. Mimi sicheki.

Basi naosha mimi. Kila asubuhi namwagia ile dawa ya dukani inayofanana na maji, na kidonda kinachemka povu jeupe. Nililipenda hilo povu. Ndilo lilikuwa linanipa usingizi. Shemeji yangu Omondi akija huinama, anaangalia, anasema, "Nyar Kadem, si unaona? Uchafu unatoka! Dawa imeshika. Wacha kumtisha ndugu yangu na mambo ya hospitali." Ananiita hivyo kwa sababu nilizaliwa Kadem, upande wa Migori. Nami nikaamini, kwa vile nilitaka kuamini.

Achieng wetu amefunga shule juzi, yuko kidato cha tatu. Leo alisimama mlangoni akitazama nikiosha.  Alinivuta jikoni.

"Mama, hilo povu si kupona."

Nikamkaripia. "Wewe umekuwa daktari tangu lini?"

 Kulikuwa na mbuta nilikuwa natengeneza, samaki wa jana. Akatoa ini lake, akaliweka kwenye kifuniko cha sufuria, akalimwagia ile dawa. Likachemka. Povu jeupe, lile lile, jingi hata kuliko la baba yake.

Na huyo samaki amekufa tangu jana.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Ati ndani ya damu na nyama kuna kitu kinaitwa kichocheo, shuleni wanasema katalisti. Hiyo dawa hata ukiiacha huvunjika yenyewe, pole pole, ikitoa hewa. Kichocheo kinaiharakisha tu, na chenyewe kinabaki vile kilikuwa. Povu ndiyo hiyo hewa. Haliulizi kama nyama inapona au inaoza.

Hilo neno nimelisikia sana kwa redio. Vijana ni kichocheo cha maendeleo, barabara ni kichocheo cha biashara. Nilidhani ni kitu kizuri siku zote. Kumbe kazi yake ni kuharakisha, hata kama mnakoenda ni shimoni.

Nikamfikiria Omondi. Anakuja, anasema maneno yake matamu, anarudi kwake na miguu yake miwili vile vile alivyokuja. Huku nyuma, weusi umepanda.

Na mimi je? Si mimi ndiye nilikuwa nashika chupa?

Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaingia kwake. Nikamwambia, "Baba Achieng, hata samaki aliyekufa anatoa povu." Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Nikamweleza yote, na machozi yakarudi. Sikumdanganya. Nilimwambia pengine watakata. Lakini mimi nataka mtu wa kugombana naye hapa nyumbani, hata akiwa na mguu mmoja. Kaburi haligombani na mtu.

Akageukia ukuta. 

Kisha akauliza kama shati yake ya kanisani imepigwa pasi.

Nimeipiga sasa hivi. Kesho kukipambazuka tunaenda, Achieng amshike upande mmoja na mimi upande mwingine. Omondi tutamwambia tukishafika.

Naomba Mungu tusiwe tumechelewa. Na daktari akiniuliza, "Mama, wiki hizi zote mlikuwa mnangoja nini?" nitamjibu nini?