Udongo wa Tuba na Seli Zinazojiua

Jumamosi, tarehe 4, mwezi wa Aban

Mjukuu wangu Farangis kaja kutoka Shiraz. Kakonda kama ufito. Nadhani huko chuoni wanakula karatasi. Nikamuuliza kazi yake siku hizi. Anafuga seli za ubongo kwenye visahani! Anazinyang'anya zinki iliyomo ndani yake, kisha anazitazama zikifa. Nikamwambia: mwanangu, wenzako wanafuga kuku.

Hakucheka. Alikuwa anamtazama Tuba, mke wa mwanangu Jahanbakhsh. Tuba ana mimba ya miezi sita, ya kwanza, baada ya nadhiri nyingi. Kakaa kizingitini anatafuna udongo wa kuoshea nywele — kama lozi za harusi.

Jumapili, 5 Aban

Farangis kanikalisha chini kama mwanafunzi wake. Ati ndani ya seli mna visu, na zinki ndiyo ala yake. Zinki ikipungua visu vinachomoka, seli inajikatakata yenyewe. Nikamwambia hiyo si seli, huyo ni kaka yangu Nourali: ukimcheleweshea chai anatishia kujitupa kisimani.

"Tofauti, bibi, seli hujitupa kweli."

Halafu likaja kubwa. Udongo hukamata zinki tumboni, haipiti. Na mkate wangu vilevile — pumba zake zinaing'ang'ania kwa sababu sitii chachu. Mkate wangu! Mkate ulionipatia mume! Nikamwambia babu yako aliula mpaka anazikwa. Akajibu, polepole, kwamba hilo si jambo la kujivunia.

Ana ulimi. Wangu huo.

Nikamuuliza, na mtoto wa Tuba? Kisahani si mtoto, kasema, hajui. Basi umenitisha kwa nini? "Kwa sababu sijui, bibi." Kamtoa Tuba damu, kaondoka nayo.

Jumatano, 8 Aban

Nimeficha udongo. Jahanbakhsh kanijia juu. Mama, mwenye mimba hanyimwi anachotamani, mtoto atatoka na alama. Nikamwambia: mimba yako nilikula kila nilichotamani, na ukatoka na sura hiyo.

Mvua imenyesha. Nimemkuta Tuba nyuma ya zizi, pua imegusa ukuta uliolowa. Ananusa. "Mama, nanusa tu." Kidevuni tope.

Nilimfuta kwa ushungi wangu. Sikumgombeza. Kidogo tu.

Ijumaa, 10 Aban

Mtaa mzima unajua: mama mkwe anamnyima mjamzito. Kwetu hapa, ukisikia mwenye mimba katamani kitu, unampelekea bakuli, hata kama humpendi. Basi mabakuli yanamiminika. Udongo mweupe, udongo mwekundu, mwingine umekaangwa na chumvi! Wanawake hawa hawakuwahi kunipa hata kitunguu.

Nayamwaga kwa heshima. Kisha natia mtindi, maana bakuli la jirani halirudi kwake tupu.

Jumatatu, 13 Aban

Farangis kapiga simu. Zinki ya Tuba iko chini sana. Daktari kaandika vidonge.

Nimekanda unga kwa chachu, nikauacha uumuke. Mkate umetoka mnene kama tandiko la punda. Jahanbakhsh kauliza tuule au tuukalie. Tuba kala vipande viwili, kasema mtamu. Mwongo huyu, nampenda.

Kidonge kameza mbele yangu. Nilipogeuka, kachomoa bonge la udongo kwenye soksi. Udongo na kidonge tumbo moja! Farangis anasema udongo utakikamata na hicho. Yaani tunaulisha udongo wetu zinki ya duka la dawa.

Nikamwambia Tuba: unaacha au huachi? Akalia. "Mama, niambie nifanye nini na mdomo huu. Si mimi ninayetaka, ni mdomo."

Alhamisi, 16 Aban

Siku mbili safi. Hata ukuta hakuukaribia.

Leo mchana Golbas, jirani, kaja mwenyewe na bakuli lililofunikwa kitambaa cha maua. Amechimba udongo wa kisima cha zamani, ule mtamu. Kamkabidhi Tuba mkononi, mimi nikiwepo. "Kula, binti yangu. Wengine wana mioyo ya mawe." Nimemwambia moyo wangu ni wa mawe, wake umejaa udongo. Hakuondoka. Kakaa kizingitini, kasema atangoja bakuli lake.

Nimelichukua. Liko mapajani, juu yake naandikia. Tuba kapiga magoti mbele yangu, mtoto anacheza mpaka gauni linatikisika. Kashika ukingo wa bakuli kwa mikono yote miwili. Havuti. Nami sijui kama anangoja nimpe, au ananisaidia kulishika.