Baba Alizikwa Siku Gani?

Kawangware, Nairobi

Mdogo wangu mpendwa Akinyi,

Habari za huko, na mguu wa Mama umepungua kuvimba? Watoto wako wanaenda shule? Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina hasira, na nimeona nikuandikie kabla haijapoa.

Nilihama Kibera. Kule Soweto West maji yalikuwa yananifuata mpaka chini ya kitanda. Sasa nina chumba huku Kawangware, upande wa Riruta, na kazini naenda kwa miguu. Ile suti niliyomnunulia Baba pale soko la Toi bado imening'inia ukutani. Kila nikiiona namkumbuka Odhiambo.

Najua Mama bado anaamini nilikataa kuja kumzika Baba, ndiyo sababu barua zangu hajibu. Hii msomee kwa Kijaluo, polepole, hata akigeuza uso. Nilipopata habari za msiba nilimpigia Odhiambo ofisini kwake Kisumu, kwa kuwa nyumbani hakuna simu. Mtoto wa baba yetu mkubwa, nani angemshuku? Aliniambia mazishi ni Jumamosi. Nikafika Ijumaa na suti mkononi, nikakuta mmemzika jana yake. Kumbe pale kaburini alishawaambia watu kwamba alinipa habari, nikamjibu nina kazi! Nilipotaka kujieleza, Mama alinipa mgongo. Odhiambo aliogopa kwamba ningeuliza mbele ya wazee jinsi shamba la Baba la kando ya barabara lilivyofika mikononi mwake. Siku ile niliapa kwamba atanijua.

Ndiyo maana niliomba kazi hapa, makao makuu ya kampuni inayomwajiri, na wakanichukua. Umewahi kuniuliza kazi yenyewe ni nini. Ninasimamia kompyuta za matawi yote bila kutoka Nairobi. Kompyuta yangu inaipigia simu kompyuta ya Kisumu, na ninachoandika hapa kinatendeka kule, kana kwamba nimeketi mbele yake. Mvua ikinyesha laini inakatika, naanza upya huku nikilaani. Amri ninazotaka zifuatwe kila siku naziweka kwenye faili moja tunayoiita skripti, na mashine inazitekeleza yenyewe. Haina huruma, na haibembelezwi kwa maneno matamu ya Odhiambo.

Basi Jumatatu nilimwandikia skripti yake peke yake. Wenzake wakiandika majina yao na neno la siri, mashine inawafungulia. Yeye akiandika, inamwuliza: Baba alizikwa siku gani? Akikosea, inamtoa.

Alipiga simu makao makuu asubuhi hiyo hiyo. Aliyepokea ni mimi.

"Haloo, hapa ni Kisumu. Hii mashine imeharibika, inaniuliza maswali ya upuzi."

"Inakuuliza nini? Nisomee."

Nilisikia watu wa ofisi yake wakiongea nyuma.

"Si unitolee tu hiyo kitu, madam. Niko na kazi mingi."

"Soma kwanza. Kwa sauti."

Akasoma. Nikamwambia ajibu. Akasema amejaribu kuandika Jumamosi, imekataa. Uongo alioniambia mimi, ndio huo huo alioipa mashine!

"Jaribu ukweli, Odhiambo," nikamwambia kwa Kijaluo.

Hapo akanitambua. "Atieno, wacha hizo. Si tuongee kama watu wa familia?"

"Andika."

Akaandika Alhamisi. Mashine ikamfungulia, nami nikakata simu bila kuaga.

Kamau, tunayekaa naye ofisi moja, alikuwa amesikia kila kitu. "Maze, wewe ni noma, huogopi. Boss akijua, si utafutwa?"

Nilimwambia, huyo boss akitaka anifute kazi. Lakini Odhiambo atashtaki vipi? Itabidi amwonyeshe mkubwa lile swali, na aeleze kwa nini linamtoa jasho.

Nilidhani nitaridhika, na jioni ile kweli nilikula vizuri. Asubuhi hasira ilikuwa pale pale. Kukiri kwa mashine si kukiri kwa Mama. Kwa hiyo nimebadilisha skripti. Sasa inamwuliza: Neno la Mama ni lipi? Hawezi kulijua, maana Mama hajalichagua. Karani wake ndiye anayemfanyia kazi siku hizi, na yeye, mkubwa wa tawi, anakaa pembeni akitazama. Nilimpigia Odhiambo nikamweleza pa kulipata hilo neno: kwa Mama.

Atakuja huko, hana njia. Msimkaribishe kiti. Aseme yote mbele ya Mama, siku aliyonitajia na alichosema kaburini. Na wewe usikilize, asije akaruka kitu. Akimaliza, Mama amchagulie neno lolote, nawe uniandikie, niliweke.

Msalimie shemeji, na watoto wote. Shangazi mwambie dawa yake ya macho nitaituma na mtu wa kanisani. Mke wa Odhiambo pia msalimie, yeye hana kosa.

Na Mama mwambie hivi: akishamsikia akaona hataki kumpa hilo neno, asimpe. Odhiambo akae nje.

Dada yako,
Atieno