Nalegeza Skurubu za Rafu Aliyoifunga Mke Wangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na ukiweza unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo fundi seremala anakuja nyumbani kwangu, na akishaingia chumbani na kuangalia kazi kwa jicho la ufundi, aibu yangu yote itakuwa hadharani.

Mimi ni kinyozi, nina miaka hamsini na miwili, nina banda langu la viti viwili na kioo kimoja kikubwa, na mke wangu ni mkunga hospitalini. Huu ni mwaka wa ishirini na nne tangu tuoane. Watoto wetu ni watatu, wa mwisho ameondoka mwanzoni mwa mwaka kwenda chuo, tukabaki wawili, na hapo ndipo nilipogundua jambo ninaloona haya hata kuliandika, kwamba mimi ninayeshinda nikipiga soga na wateja kuanzia mpira hadi siasa hadi magonjwa ya mbuzi, nikifika nyumbani sina la kumwambia mke wangu. Si kwamba tuna ugomvi, hapana. Ananiuliza nimeshindaje, nasema salama, namuuliza yeye je, anasema leo tumezalisha saba, nasema Mungu mkubwa, basi, yeye anashika simu na mimi nashika redio.

Sasa nije kwenye chumba. Chumba chetu cha kulala, ndicho kikubwa kuliko vyote nyumbani, kwa miaka yote hiyo kimekuwa stoo yenye kitanda ndani. Kila kitu kilichokosa pa kukaa kililetwa kwetu, masanduku ya shule ya watoto, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, madumu, magunia ya nguo zilizowabana, na kuta zilikuwa na rangi ya mafuta ya kijani ambayo tuliikuta tulipohamia, nayo ilikuwa inabanduka vipande vipande na kutuangukia kwenye mito. Siku moja mke wangu alitoka zamu, akajigonga ugoko kwenye sanduku la bati, akakaa kitandani ameushika mguu, hakulia wala hakugomba, akasema tu, "Baba watoto, mimi nimechoka kulala stoo."

Nikamwita fundi rangi, akatazama, akataja bei yake, tukamshukuru na kumsindikiza mpaka getini kwa heshima zote. Tukaamua tutafanya wenyewe, kila Jumamosi, maana ndiyo siku yake ya mapumziko, na ingawa kwa kinyozi Jumamosi ndiyo siku ya kupata riziki, mimi nikawa nafungua banda saa nane mchana.

Mshauri, zile Jumamosi kumi na moja zilikuwa tamu kuliko fungate yetu. Tulitoa vitu, vingine tukagawa. Tulikwangua kuta, tukapiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe, tukaziba nyufa. Rangi hatukununua, jirani aliyemaliza kujenga alitugawia mabaki ya ndoo tatu, mbili nyeupe na moja ya udongo, mke wangu akawa anachanganya kidogo kidogo kwenye beseni na kujaribu kwenye kipande cha boksi, mpaka ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Mlango wa zamani wa jiko tuliulaza ubavu, tukausugua, tukaupaka vanishi, ukawa ubao wa kichwani mwa kitanda. Mapazia aliyashona kwa mkono kutoka kwenye mashuka mawili, kikapu kilichotoboka kitako kikawa kifuniko cha taa, na mbao za mapaleti nilizookota nyuma ya ghala la sabuni zikawa rafu ndefu juu ya dirisha. Na nikuambie ukweli, mikono yenye akili pale nyumbani ni yake. Mimi nilipiga msasa na kubeba, lakini aliyeazima keekee, aliyetoboa ukuta, aliyefumba jicho moja kuangalia kama pimamaji imekaa sawa, ni yeye, na skurubu zote za ile rafu alizifunga yeye.

Halafu tuliongea. Sijui ni kwa sababu tulikuwa tumepeana migongo. Jumamosi ya tano, mimi nikiwa juu ya meza napaka dari, yeye chini anapaka fremu ya dirisha, akaniambia bila kugeuka kwamba ule mwaka mtoto wetu wa pili alipokuwa hajaanza kutembea, aliwahi kufunga begi lake akalificha uvunguni siku nne, kwa sababu nilikuwa narudi nyumbani nimeshakula kwingine na nimeshacheka kwingine. Mkono wangu uliendelea kupaka. Nikamuuliza kilichomfanya alifungue.

"Ukashikwa na homa," akasema, "nikaona haya kumwacha mgonjwa."

Tulicheka mpaka rangi ikanidondokea jichoni, akanishusha, akaniosha jicho kwa maji ya kikombe. Mimi sikuwahi kujua habari za hilo begi, mshauri, miaka ishirini.

Chumba kilipokwisha aliwaita wenzake wa wodini waje wakione. Aliwaambia wavute rafu kwa nguvu zao zote waone kama inatikisika. Haikutikisika.

Lakini wiki mbili hazikupita, simu na redio vikarudi kazini. Jumamosi ya kwanza bila kazi tulikunywa chai, tukatazamana, nikasema basi niwahi bandani. Ndipo shetani aliponipitia. Alhamisi moja akiwa zamu, nilichukua bisibisi nikalegeza skurubu nne za rafu. Jumamosi akaona imelalia upande, akaleta vifaa, tukashinda nayo asubuhi nzima, akanisimulia habari za mama mmoja aliyejifungua huku akiimba, nami nikaona dhambi yangu si kubwa. Baadaye nikamwaga kikombe cha maji ukutani nyuma ya kabati, taratibu, siku tatu, mpaka rangi ikavimba, tukapata Jumamosi nyingine. Mara ya tatu nikarudi kwenye rafu, nikalegeza kupita kiasi. Jumanne, mke wangu alipokuwa anapanga mashuka, ikaanguka, ikamponda kidole cha mguu. Hakuvunjika, ukucha tu ndio umekuwa mweusi, lakini alikaa pale sakafuni katikati ya mbao akasema, "Kumbe sijui kitu. Nilikuwa najisifu bure."

Tangu siku hiyo wageni wakija anafunga mlango wa chumba. Nilipomwambia Jumamosi tutairekebisha, akasema hapana, tumecheza vya kutosha, aje mtu anayejua. Ameshaongea na seremala, anataka ang'oe kila kitu aanze upya. Nimefikiria nimfuate seremala kabla, nimwombe akiona kitu anyamaze. Au nimweleze mke wangu ukweli? Nikimweleza, naogopa atalikumbuka lile begi. Nia yangu haikuwa mbaya. Nifanyeje?

Kinyozi mwenye aibu

*

Marahaba, kinyozi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo utanivumilia nikianza na hasira.

Unasema nia yako haikuwa mbaya. Sawa, lakini aliyepondwa kidole si nia yako. Na kidole ni jambo dogo. Mke wako ameshika maisha ya watoto wa watu kwa mikono ile miaka nenda rudi, akaja nyumbani akajifunza keekee ukubwani, akafanya kazi safi, akajivunia mbele ya wenzake. Wewe umemfanya aamini kwamba mikono hiyo haifai. Umemwona ameketi sakafuni akijilaumu, na bisibisi unajua imelala wapi, ukanyamaza. Hilo ndilo kosa lako, hizo skurubu ni kianzio tu.

Habari za kumfuata seremala zifute kichwani leo hii. Unataka mwanamume usiyemjua awe na siri ya chumba chako ambayo mke wako hana? Utaongeza kosa la nne kabla hujatubu matatu ya kwanza.

Sasa nikupe na haki yako. Wanaume wengi wananiandikia kwamba nyumba imepoa, na dawa wanayoitafuta ni nje ya nyumba. Wewe uliitafuta ndani, ukafunga banda siku ya mapato ili ukae na mkeo katika vumbi. Hilo ni jema, na yeye aliliona, ndiyo maana alikwambia habari za begi. Mtu hasimulii begi alilolifungua kwa sababu anataka kulifunga tena. Alikusimulia kwa sababu aliona safari hii unasikiliza. Acha kulitumia kama kisingizio cha kunyamaza.

Fanya hivi. Mwambie kabla ya Jumamosi, si asubuhi ya siku yenyewe seremala akiwa anabisha hodi. Mwambie yote matatu kwa mpigo, usitoe moja ukaficha mawili. Mkianza kutazamana maneno yatakukauka, najua, kwa hiyo msubiri akiwa na kazi mkononi, nawe ushike ya kwako. Usianze na nia yako njema. Anza na neno hili: rafu uliifunga vizuri, mimi ndiye niliyeilegeza. Akikasirika mwache akasirike mpaka amalize, hiyo hasira ameigharimia. Usimzuie seremala kuja, si wewe uliyemwita.

Na ukishasamehewa, kama utasamehewa, mwombe hizo Jumamosi kwa mdomo wako, kama mtu mzima. Mwambie unamkosa akiwa amekaa hapo hapo. Ni sentensi moja, haihitaji msasa.

*

Kwa kuwa siku zilikuwa chache, jibu hili nilimtumia kwa simu kabla gazeti halijachapwa. Jumatatu akaniandikia tena, na haya nayaweka hapa kwa ruhusa ya wote wawili.

Mshauri, nilimwambia Alhamisi. Alikuwa anapiga pasi sare yake, mimi napaka viatu vyake dawa, nikasema kama ulivyonielekeza, rafu uliifunga vizuri, mimi ndiye niliyeilegeza. Hakuacha kupiga pasi. Alimaliza kola, akamaliza mkono mmoja, ndipo akaniuliza skurubu ngapi, nikasema nne, mara mbili. Akauliza na ule ukuta, nikasema maji, kikombe kimoja kimoja. Akachomoa pasi, akatoka nje, akakaa barazani muda mrefu, na mimi nikabaki na kiatu mkononi nisijue nikiweke wapi. Aliporudi alinisema. Hayo aliyonisema sitayaandika, ila yote yalikuwa ya kweli. Kisha nikamwambia ile sentensi, kwamba namkosa akiwa amekaa hapo hapo. Akaingia kuoga.

Ijumaa alipotoka kazini aliniita chumbani nimshikie mbao, akaifunga rafu upya mwenyewe bila kunisemesha. Nikamuuliza kama atamwambia seremala asije. Akasema, "Aje. Nataka aiangalie."

Seremala alikuja na begi lake la vifaa. Ni mzee mfupi, hana maneno mengi. Aliweka pimamaji, akaangalia. Akapanda kiti, akaishika rafu kwa mikono miwili, akaning'inia nayo mpaka miguu ikaacha kiti. Akashuka, akagonga ule mlango wa kichwani mwa kitanda, akapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akatuambia, "Hapa mimi sina kazi. Nani alifunga hii?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa ule mguu wake unaouma, mdomo ameubana, akaniangalia mimi. Nikamjibu seremala kwamba ni yeye, kila skurubu. Mzee akamgeukia akamuuliza kama huwa anachukua kazi za watu. Mke wangu akacheka, mshauri, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Tukampa mzee chai na nauli yake, akaondoka baada ya kuomba kupiga picha kifuniko cha taa.

Mzee alipotoka getini, mke wangu akakaa mbele yangu, akaniambia, "Ukitaka kuongea na mimi, ongea. Usinivunjie vitu."

Nikasema sawa. Bado ananinunia kidogo asubuhi, sidanganyi, na bisibisi ameifungia kwenye droo yake. Lakini Jumamosi ile mchana alivaa kandambili kwa ajili ya kile kidole, akasema twende tununue nyanya. Njiani nilitembea kama bubu mpaka karibu na shule, halafu nikamuuliza yule mama aliyejifungua akiimba aliimba nini. Akanieleza. Nikauliza jingine. Tulifika sokoni tukapita bila kugundua, tukaenda mpaka lami inapoishia, tukarudi kwa njia ndefu, na nyanya hatukununua.