Moshi Mbele ya Meli

Mama Koku,

Umekufa Jumanne ile. Homa siku tatu, basi. Tumekuzika Muleba, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya baba. Juzi nyasi tulizolalia matanga zimetolewa ndani, watu wakaenda kwao. Mimi na Koku tumerudi hapa Bilele.

Naangalia picha yetu ya meli. Unakumbuka? Sherehe za Uhuru, meli kuukuu ya wakati wa Mwingereza imefungwa gatini, taa zote zinawaka mpaka majini. Mpiga picha kasimamisha kamera yake ya miguu mitatu, katuweka mbele. "Picha ya usiku inachukua muda. Ukitikisika unapotea."

Nikasimama kama gunia. Wewe ulikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Mara baba yangu akatokea. Ukapiga magoti kumsalimu.

Mpiga picha akapiga kelele, "We mama! Simama!"

Ukamjibu uko chini vilevile, "Nisimame mbele ya baba mkwe? Wewe umezaliwa wapi?"

Watu wakacheka. Hata baba.

Picha ikatoka. Meli yote, kila taa. Mimi nimo. Wewe ni moshi pembeni yangu. Ukaitundika hivyohivyo, mbele ya mlango. Mgeni akisifu meli unamwambia, "Na mimi nimo humo." Kila Jumamosi unaifuta vumbi.

Nilisema tutapiga nyingine, studio, mchana. Nilisema miaka yote. Majuzi tu, kwenye foleni ya sukari, ukaniambia, "Baba Koku, nitazeeka kabla ya hiyo picha." Nikacheka. Sikukupeleka.

Jana Koku kauliza, "Mama yuko wapi hapa?" Nikamwonyesha.

"Huyo si mama."

Leo nimeishusha, nikaipeleka kwa mpiga picha. Nikamwambia, mtoe mke wangu humo. Akaiangalia sana. "Mzee, humu hakuna uso. Alikuwa ameinama." Nikaondoka.

Mimi nakuona bado nikifumba macho. Koku ana miaka minne. Atakusahau, na sina cha kumwonyesha. Meli ipo, ile ambayo haikuwa kitu kwetu. Ningekushika mkono tu usipige magoti, ungengoja kidogo, baba angekusamehe.

Nimeirudisha ukutani. Jumamosi sijui nani ataifuta.

Lala, mke wangu. Kesho narudi gatini kupakia kahawa.

Baba Koku