Nimekiona Hicho Kisiwa Chako

Baba Mwikali,

Nimekiona hicho kisiwa chako. Nimepanda boti, nimekanyaga mchanga wake, nimelala huko na kurudi Kilungu na chumvi kwenye viatu. Sasa tuongee. Ulipokuwa hai ulikuwa hodari wa kuinuka na kwenda kuangalia ng'ombe kila nilipoanza maneno haya. Leo hakuna ng'ombe wa kuangalia. Utanisikiliza mpaka nimalize.

Wacha niseme wazi kwamba nilikuwa na wivu, na bado ninao. Sikuwahi kumwonea mwanamke yeyote wa huku kwetu wivu wa namna ile. Mwanamke ukimwona unajua pa kuanzia. Kisiwa utakianzia wapi? Kila mwaka tukishavuna maharagwe ulikuwa unafunga mwiko, timazi na pima maji kwenye gunia, unaenda pwani kuwajengea watu wa kisiwa matangi ya maji ya mvua. Ulikuwa unarudi mweusi, mwembamba, na mkimya. Watoto wakipiga kelele unasema, "Kisiwani hakuna kelele." Pikipiki ikipita unasema, "Kule hakuna hata pikipiki moja." Nakupakulia muthokoi, mahindi nimeyatwanga mwenyewe mpaka mikono inawaka, na wewe unaniambia habari za samaki. Kisiwa kilikaa mezani na sisi kama mgeni aliyekataa kurudi kwao.

Na ahadi zako! "Nitakupeleka, Mama Mwikali. Tupalilie kwanza." Tukapalilia. "Wacha Mwikali amalize shule kwanza." Akamaliza. "Tungoje mvua." Hata hiyo ikanyesha, unajua vile mvua ya huku huringa. Mwaka wa mwisho ukaenda tena, peke yako, na pima maji ukaiacha nyuma ya mlango. Niliiona pale nikifagia. Nikajiuliza fundi anaenda kujenga nini bila pima maji, na swali hilo likalala na mimi kitanda kimoja mpaka uliporudi.

Unakumbuka tulivyokutana? Mimi nakumbuka hata shati lako. Sisi wasichana na mama zetu tulikuwa kwenye mwethya, tukizunguka kuchimbiana matuta, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo. Wewe ulikuwa umetoka kwenu Kabati kuja kujenga ukuta wa kanisa letu, ukasimama barabarani juu ya hili shamba letu unatutazama kama mtu anayetazama harusi ya wengine. Nikakuchokoza kwa wimbo, wanawake wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Ukashuka na viatu vyako vya kung'aa, ukashika jembe, na udongo ukautupa chini ya mtaro. Chini! Nikakupigia kelele mbele ya watu wote, "Juu! Tupa juu! Kwani kwenu mnalimia nani, mto?" Mwiko uliujua, lakini kutupa udongo upande wa mlimani ili tuta lishike maji, hilo nilikufundisha mimi.

Sasa nikuambie kilichonipeleka. Tulipokuwa tumekuzika, matanga hayajaisha vizuri, simu yako ikalia juu ya kabati. Sauti ya mwanamke, laini, ya pwani. "Fundi yupo?" Nikamwambia fundi tumemzika. Akalia. Alilia vizuri, Baba Mwikali, kilio cha mtu aliyefiwa. Mjane ni mimi, lakini nikajikuta ndiye ninayesema, "Pole, nyamaza, ni kazi ya Mungu." Nilipokata simu niliketi juu ya gunia la mahindi nikijiuliza nimemfariji nani.

Kwa hiyo Mwikali alipotaka kaburi lako liandikwe jina na chini yake "Mume Mwaminifu", nilimwambia aandike jina tu.

"Mwaitu, mama yangu, kwani?" akaniuliza.

"Hiyo ingine ingoje."

Hakuniuliza tena. Alinitazama tu, unajua macho yake ni yako. Akaomba likizo hospitalini Mombasa, akaja kunichukua.

Boti ilikuwa nyembamba, ya injini, nikavalishwa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa mpaka nikafanana na boga. Nilikuwa nasimama kila mara nione maji yanaishia wapi.

"Mwaitu, kaa chini! Utatumwaga!"

Nahodha akacheka. "Mama ni wa wapi?"

"Ukambani."

"Ndiyo maana. Huko maji mwayaona kwenye kikombe."

Nilitaka kumjibu, lakini wimbi likanirushia maji mdomoni na nikameza jibu langu. Nikakumbuka nilivyokuwa nachimba mchanga wa mto kiangazi, nikingoja maji yajikusanye ili nijaze mtungi mmoja, na wewe wakati huo uko hapa, umezungukwa na maji kila upande. Halafu nikahisi vizuri ile chumvi kwenye ulimi. Asi! Maji yote yale na hata chai hayawezi kupika. Nilifurahi, sikufichi. Huyo mpenzi wako, kwa uzuri wake wote, hawezi hata kumkaribisha mgeni kwa chai mpaka Mkamba amjengee tangi.

Nilitaka kiwe kibaya. Nilimwomba Mungu kiwe na inzi, kiwe na harufu, kiwe na mawe tu. Kikawa kizuri. Tulishuka majini mpaka magotini, maji ya vuguvugu na safi hata kucha zangu niliziona. Minazi imeinama, nyumba za mawe ya matumbawe zina milango mifupi, njia ni mchanga mtupu. Na ukimya ni kweli. Nilisikia malapa yangu mwenyewe, nikamsikia kuku akijikuna. Nilikasirika. Nilielewa kwa nini ulikuwa unarudi nyumbani na kutuona sisi wote kama watu wanaogonga masufuria.

Halafu nikaona matangi. Hakuna aliyeniambia ni yako. Niliyajua kwa pembe zake, vile unavyozizungusha kwa chupa mpaka hazina ncha. Yamepigwa plasta, yakapakwa chokaa, yanang'aa. La kwetu hapa uliliacha bila plasta, "nitamalizia mwaka ujao", na mpaka leo linavuja upande wa jikoni. Nililigusa lile la msikitini kwa mkono mzima. Mwikali alidhani ninakuomboleza, kumbe nilikuwa nalipima na la kwangu.

Mwanamke wa simu alitungoja mlangoni kwake. Mwikali alikuwa amempigia. Nilikuwa nimejitayarishia kibibi kimoja kilichojikunja, au basi mnene asiye na shingo. Akatoka mtu mrefu, mgongo umenyooka, hina vidoleni, leso imefungwa ikafungika.

"Miye ndimi Mwanaidi," akasema. "Na wewe ndiwe mke wa fundi. Nakujua."

"Unanijulia wapi?"

"Nani hapa asiyekujua? Karibu ndani, dada, jua kali."

Alikuwa mjane kama mimi, tangu zamani, wanawe na wakaza wanawe wamejaa kwenye uwanja mmoja. Chumba ulichokuwa unalala kilikuwa kile cha nje, kinachotazama uwanja huo. Niliangalia mlango. Niliangalia kila dirisha linaloutazama ule mlango. Nikahesabu macho ya wakaza wana. Mtu hawezi kufanya ujinga katika uwanja kama ule, hata kupiga chafya watu wanajua. Moyo ukashuka kidogo, lakini sikuuambia ukae.

Akaleta chakula. Mbaazi, zimepikwa kwa nazi. Nikachukua moja kwa kidole, nikaitazama. Kubwa, ina madoadoa ya zambarau. Ile mbegu ni ya mama yangu, ya kwao Kikima, ile ninayoihifadhi na majivu kwenye kibuyu juu ya meko. Kila mwaka kibuyu kilikuwa kinapungua na mimi nalaumu panya. Nilileta paka, Baba Mwikali! Yule paka nilimpiga kwa uvivu wake, maskini, na panya ni wewe. Nilikaa pale nikila mbaazi za mama yangu zilizopikwa na mwanamke mwingine, na ubaya ni kwamba zilikuwa tamu kuliko zangu. Niliongezwa.

"Njooni niwaonyeshe mlima," Bi Mwanaidi akasema tukishanawa.

Nyuma ya nyumba, kwenye mchanga ulio sawa kama meza, kulikuwa na mtaro. Umechimbwa umenyooka, udongo umerundikwa upande mmoja, mbaazi zimesimama juu yake mstari mmoja. Tuta letu. Tuta la Kilungu kabisa, katika kisiwa ambacho hata yai ukiliweka chini haliviringiki.

"Tulimwambia, fundi, huku maji hayateremki, yazama tu," akasema, na alikuwa ameshaanza kucheka. "Hasikii. Achimba. Tukamuuliza, na udongo mbona wautupa upande huu? Akasema, udongo hutupwa juu. Juu gani, fundi, na hapa pote sawasawa? Akasimama na jembe lake, akanyoosha mkono bara. Juu ni kule, akasema. Kwetu Kilungu. Basi sisi twapaita hapa mlima wa Mkamba."

Mwikali alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilijishika kiuno nikatazama ng'ambo, bara, ambako hata kilima kimoja hakikuonekana, ni ukungu tu. Mwaka wa pima maji nyuma ya mlango, hiyo ndiyo kazi uliyoendea. Na kama huyo mwanamke angenyamaza hapo, ningerudi nyumbani nimepona.

"Na alivyokuwa akiimba!" akasema.

Baba Mwikali. Wewe?

Mimi nimesimama mbele ya kwaya miaka yote, na kutoka pale mbele nilikuwa nakuona, umeshika kitabu cha nyimbo, midomo inasogea na hakuna kinachotoka. Harusi ya Mwikali ulisimama kama nguzo. Watoto wakiwa wachanga uliwabembeleza kwa kuwatikisa tu. Nilishakubali kwamba nimeolewa na mtu asiye na wimbo, kama mtu anavyokubali mume mfupi.

"Alikuwa anaimba?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kila akishika jembe. Sauti mbaya hiyo, wallahi! Mbuzi wakikimbia."

"Na mbona nyumbani hakuimba hata siku moja?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Alisema nyumbani kuna mwimbaji. Mbele yake yeye hafungui mdomo."

Neno hilo sikujua niliweke wapi. Lilinifurahisha na kunichoma mahali palepale. Kama ulikuwa unaniogopa, kwa nini hukuniambia? Ningekutania siku mbili, ya tatu ningezoea. Hata sauti ya kukimbiza mbuzi ilikuwa yangu, nilikuwa na haki nayo. Nimepika, nimezaa, nimekuuguza, nimekufunga macho, na sauti yako nimekuja kuisikia habari zake kwa boti.

Bi Mwanaidi hakuona. Alianza kupiga makofi polepole na kuuimba huo wimbo. Kikamba chake kilikuwa kimevunjikavunjika kama mahindi ya jiwe bovu, lakini niliutambua kabla hajafika mbali. Ulikuwa wimbo wa mwethya yetu. Nikangoja aishie pale wanapoishia wote. Hakuishia pale. Akaendelea, akaingia kwenye ubeti ambao hakuna kijiji kinachouimba, kwa sababu uliimbwa siku moja tu, shamba moja tu, na msichana mmoja aliyetaka kumwaibisha kijana wa shati safi:

Wewe uliyesimama barabarani, mikono mfukoni kama mgonjwa, shuka uje, jembe haliumi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Wewe uliubeba mpaka baharini.

Alipomaliza akafuta jasho na leso. "Maana yake nini, dada? Tulimuuliza fundi miaka na miaka, yeye acheka tu."

Nikamtazama. Ni mwanamke mwema, hilo naliandika hapa na Mungu anaona. Lakini plasta laini amepata yeye, mbaazi za mama amepata yeye, ukimya wako mtamu na hiyo sauti yako mbaya, yeye.

"Hauna maana, dada," nikamwambia. "Ni wimbo wa kuchimba tu."

Mwikali anajua Kikamba vizuri. Aliinamisha kichwa akajifanya anatoa mchanga kwenye kiatu, mabega yanatikisika. Siri yangu hakuitoa. Na mimi sijajuta mpaka leo, na nikirudi huko, kwa sababu ameniita na nitarudi, nitamnyima tena.

Jana fundi wa kaburi amekuja. Nimemwambia aandike "Mume Mwaminifu", herufi kubwa, na azungushe pembe kwa chupa kama ulivyokuwa unafanya. Lakini usifikiri yameisha kati yetu. Nina kesi na wewe, na nitaileta mwenyewe nikija.

Asubuhi hizi nashuka kwenye tuta la chini, lile uliloanza kwa kutupa udongo vibaya, naimba nikipalilia. Majirani wanasema mjane amepata nafuu. Nikifika kwenye ubeti wako nanyamaza kidogo na jembe mkononi, kwa sababu hapo si mahali pangu pa kuimba, ni mahali pako pa kuitikia. Imba tu, Baba Mwikali. Mbuzi wakikimbia nitawafuata mimi.

Mkeo, mwenye wimbo,
Mama Mwikali