Mahari ya Mguu wa Kushoto

Jumapili, 4 Mei 2025

Seif kaniwahi tena kwenye soko la vyuma vikuukuu! Yule fundi mageti wa mtaa wa Doornfontein. Kanunua spuri ya kauboi, chuma cha kisigino cha kumchoma farasi, ya mguu wa kushoto — na ya kulia ninayo mimi, juu ya kabati, miaka sasa. Zote mbili kazi ya fundi mmoja wa zamani. Jina lake hakuna alijuaye, ila alama yake naijua: kwenye nyota, lile gurudumu la ncha, ncha moja imepinda.

Nikamwomba aniuzie. Ng'o! Akataka nimuuzie yangu. Mjinga. Anacheka vizuri lakini.

Jumatano, 7 Mei

Makubwa! Seif kaleta posa. Shangazi Shufaa nusura azimie kwa furaha — alishadhani nitaolewa na kutu. Eti nataja mahari gani?

Spuri yake ya kushoto. Basi.

Shangazi akashika kiuno. Wenzangu wanataja dhahabu, mimi chuma cha farasi na farasi mwenyewe hayupo! Lakini mahari hutaja mwanamke, kwa hiyo kapeleka ujumbe.

Tuone sasa. Ananitaka mimi, au anaitaka spuri yangu?

Alhamisi, 8 Mei

Kakubali! Upesi mno. Kaomba kwanza muda wa kuisafisha. Kuisafisha? Nani husafisha kutu ya zamani?

Nimefurahi hata hivyo. Nampenda, basi, nishaandika.

Jumamosi, 17 Mei

Wazee wako sebuleni. Shangazi kaniletea spuri chumbani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaniuliza: Seif unamridhia?

Nikaigeuza kwanza. Inanuka siki. Nyota — ncha zote zimenyooka!

Bandia! Kaitengeneza mwenyewe, kairoweka kwenye siki ishike kutu, ya kweli kabaki nayo! Na kazi nzuri, ndiyo inayoniuma zaidi. Nikaikimbiza dirishani niihakiki kwenye mwanga, swali la Shangazi nimelisahau —

"Kanyamaza!" Shangazi huyo. "Mwari akinyamaza keshakubali!" Akatoka na vigelegele.

Nimejifungia. Huko nje washasoma Fatiha, halua inapita. Nikisema, ndoa hakuna. Nisiposema, nimeolewa na tapeli!

Shangazi anagonga. Anasema Seif anacheka peke yake sebuleni, anauliza kama nyota nimeiangalia vizuri.

Eish! Kainyoosha makusudi! Kanitega aone kama alama ya fundi naijua!

Ya kweli iko mfukoni mwake, naapa. Au iko kwake, imefungiwa, hana nia ya kunipa? Shangazi anagonga tena, anataka jibu. Nami nacheka kama mwehu, ufunguo uko mlangoni, bado sijauzungusha.